Kemba: kwa nini gari la drifti, la rali na la NASCAR hayalazi matairi kwa namna moja

KonaYaMwisho

Wakuu salaam.

Kila wiki humu kuna picha ya Altezza au Mark X iliyotanua miguu, na chini yake ubishi ule ule. Mmoja anasema kemba hasi inaongeza mshiko, ndiyo maana magari ya mbio yanayo. Mwingine anamjibu kwamba anakula tairi bure. Ubishi hauishi kwa sababu hakuna anayeuliza: mbio zipi? Gari la rali ya vumbi, la drifti (ule mchezo wa kupita kona mkia ukiteleza nje), la Formula 1 na la NASCAR, zile mbio za Marekani, yote ni ya mbio, lakini ukiyapanga mstari mmoja yakiwa yamesimama utaona kila moja limelaza matairi kivyake. Naandika ninachokijua, wajuzi wataongezea.

Kwanza tuelewane. Simama mbele ya gari ulitazame usoni. Tairi likiwa wima kabisa, kemba ni sifuri. Sehemu ya juu ikiingia ndani kuelekea injini, hiyo ni kemba hasi. Ikitoka nje, ni chanya. Tunapima kwa digrii, na digrii hizo zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Chukua tairi la upana wa milimita 205. Digrii 3 tu, kama mpira ungekuwa haubonyei, zinaliinua bega la nje karibu milimita 11 kutoka ardhini. Kwa hiyo yule aliyeweka digrii 8 za kupigia picha anatembelea ukanda mwembamba wa ndani, basi. Mimi sina ugomvi naye, gari ni lake. Ila asituambie ni mambo ya mbio.

Mtu wa mbio hana habari na tairi linavyokaa gari likiwa limeegeshwa. Anachotazama ni unyayo wa tairi, yaani sehemu inayogusa ardhi, pale linapofanya kazi ngumu kuliko zote. Ukiingia kona ya kulia kwa kasi, uzito unahamia kushoto, bodi inalalia kushoto, na tairi la mbele kushoto ndilo linalobeba karibu kila kitu. Bodi ikilala inaliburuta na tairi, juu yake inaegemea nje. Ubavu wa mpira nao unapinda. Ulianza na sifuri? Basi katikati ya kona uko kwenye chanya, umesimamia bega la nje, nusu ya tairi uliyoilipia haigusi lami.

Hesabu ya haraka. Tuseme bodi inalala digrii 3, na saspensheni ikibonyea inarudisha digrii 1. Tairi limepoteza digrii 2. Ukitaka katikati ya kona libaki hasi kidogo, tuseme nusu digrii, inabidi uanze na hasi 2.5 gari likiwa limesimama. Zile digrii unazoziona gari likiwa piti, pale linapohudumiwa, ni zile zinazokwenda kuliwa na kona.

Bei yake unailipa kwenye mstari ulionyooka. Ukikanyaga breki au mafuta, unataka tairi likae bapa, na wewe umeliweka limelala. Kila fundi wa mbio anatafuta mahali pa kukata kati ya kona na breki, na kila mchezo unakata pengine. Huo ndio uzi wenyewe.

---

Ngoja_Waje

Nimekaa paleee na daftari.

---

Springi Kavu

Mkuu, umeeleza vizuri lakini kuna kitu hakijakaa sawa. Gari la Formula 1 bodi yake hailali hata kidogo, ni ngumu kama meza. Kwa hesabu yako lilipaswa kuwa na kemba karibu na sifuri. Mbona ukilitazama kwa mbele matairi yamelala wazi kabisa?

---

KonaYaMwisho

Springi Kavu, swali zuri sana hilo.

Kweli bodi ya F1 hailali kama ya Mark II. Lakini kinachopinda si bodi peke yake. Ule mzigo wa upepo unaolikandamiza gari chini, pamoja na nguvu ya kona, unaukunja ubavu wa tairi lenyewe. Hadi 2021 walikuwa na rimu za inchi 13 na ubavu mrefu wa mpira. Tangu 2022 wana rimu za inchi 18 na ubavu mfupi, lakini haujawa chuma. Halafu tairi lililolala lina nguvu yake ya kuvuta upande lililolalia, hata kabla hujageuza usukani. La nje likilalia ndani ya kona, nguvu hiyo inakusaidia kugeuka.

Sasa kwa nini wasiweke 10? Kwa sababu ya joto. Gari likiwa kwenye mstari mrefu kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa, mzigo wote uko kwenye bega la ndani. Mpira pale unachemka wakati bega la nje linapunga upepo. Mfano unaokumbukwa ni Spa, Ubelgiji, 2011. Red Bull waliweka kemba ya mbele zaidi ya kiwango ambacho Pirelli, watengeneza matairi, walipendekeza. Spa ina ule mstari wa Kemmel unaopanda mlima, mguu uko sakafuni muda mrefu. Matairi ya mbele yakatoa malengelenge upande wa ndani, na wakubwa wa timu wakawa na hofu kabla hata ya mbio kuanza. Wakaingia piti mapema kuyavua. Madereva wao Vettel alishinda, Webber akawa wa pili, kwa hiyo ukitazama matokeo peke yake unaweza kusema walikuwa sahihi. Ila nadhani hakuna aliyekuwa kwenye ukuta wa piti siku ile angependa kuirudia.

Kisha Silverstone 2013. Hamilton, Massa, Vergne na Perez wote matairi yao ya nyuma kushoto yalipasuka. Pirelli wakataja mambo kadhaa kwa pamoja: timu kufunga tairi la kulia kushoto na la kushoto kulia, upepo mdogo ndani ya tairi kuliko inavyotakiwa, kemba kali, na kona zenye kingo kali. Mbio zilizofuata Ujerumani, FIA, wasimamizi wa mbio, wakaweka mpaka: mbele isizidi digrii 4, nyuma isizidi 2.5. Angalia tofauti hiyo ya mbele na nyuma. Nyuma ndiko nguvu ya injini inakoshuka chini, kwa hiyo tairi la nyuma linatakiwa kukaa bapa zaidi ili ukitoka kona lisizunguke bure.

---

Kipanga wa Kibaha

Na ile ya Mercedes 2020, Hamilton alikuwa anavuta usukani kifuani matairi yanabadilika. Ile si ndiyo kemba?

---

KonaYaMwisho

Hapana mkuu, ile ni tou. Yaani ukitazama gari kwa juu, matairi ya mbele yanaangaliana, yananyooka, au yanapeana mgongo. Kwenye kona walitaka yapeane mgongo kidogo, kwenye mstari wakayanyoosha kwa kuvuta usukani. Mfumo huo ulipigwa marufuku kuanzia 2021.

Aliyejaribu kubadilisha kemba gari likiwa linatembea ni Mercedes hao hao, lakini kwenye gari la maonyesho, F400 Carving ya 2001. Kwenye kona matairi ya nje yalikuwa yanajilaza hadi digrii 20, na tairi lenyewe lilichongwa kwa ajili hiyo. Halikuingia dukani.

---

Mwana-Nakuru

Wadau, niwasalimie kutoka huku Bonde la Ufa. Hayo ya lami mmeyamaliza, acha niongee kuhusu mchanga na mawe, maana Safari Rally inapita kwetu.

Lami na vumbi ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwenye lami gari la rali linaweza kuanza na hasi 3 au karibu hapo mbele. Likija kwenye vumbi wanaipunguza, mara nyingi inabaki hasi 1 na ushee. Sababu ya kwanza, vumbi halina mshiko wa kulilaza gari kama lami inavyolilaza. Tairi linateleza kabla bodi haijaegemea vya kutosha, kwa hiyo hakuna deni kubwa la kulipa. Sababu ya pili, kwenye vumbi karibu kazi yote ni breki na mafuta. Dereva analitupa gari kabla ya kona, likishageuka anakanyaga linyooke. Anataka upana wote wa tairi uchimbe, usibaki ukanda wa ndani.

Ya tatu hamwezi kuiona kwenye televisheni. Saspensheni ya rali ina safari ndefu sana juu na chini. Magari mengi ya WRC, rali ya ubingwa wa dunia, yanatumia struti (shokapu na springi zikiwa nguzo moja) pembe zote nne, na struti haikupi kemba sawa katika safari yote. Gari likiruka na kuning'inia angani tairi lina pembe moja, likitua na kubonyea lina nyingine. Fundi hapangi kemba ya gari lililosimama, anapanga ya katikati ya safari hiyo na kuomba Mungu kwenye ncha zote mbili.

Halafu kuna feshi-feshi. Ule ni udongo laini kama unga, ukitazama kwa juu unaona barabara, ukiingia gari linazama hadi rimu. Mle ndani tairi haligusi ardhi kwa unyayo tu, linasukuma kwa ubavu. Hesabu zenu za bega la ndani na la nje zinakufa palepale. Ndiyo maana pia mnaona magari yamefungwa snorkeli, injini ipate hewa badala ya vumbi. Ukiipita feshi-feshi unakutana na mfereji uliochimbwa na magari yaliyotangulia, na mfereji unalishika tairi na kulipeleka unakotaka wenyewe. Gari lenye kemba kali pale linavuta huku na huku, dereva anapigana na usukani mpaka mikono inakufa.

Tangu Safari irudi WRC mwaka 2021, Toyota imeshinda kila mara hadi 2025: Ogier, Rovanperä, Ogier, Rovanperä, Evans. Sisemi ni kemba. Ila mtu anayepeleka gari la lami Kedong, kwenye njia za Safari, bila kuligusa atarudi na lori la kuvuta.

---

Mzee wa Land Rover

Vijana mnasahau kwamba Safari ilishindwa miaka na miaka na magari ambayo kemba ya nyuma haikuwa hata na boliti ya kurekebisha.

Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda mara tano: 1973 na Datsun 240Z, kisha 1979, 1980, 1981 na 1982 mfululizo na Datsun Violet. Violet ile nyuma ilikuwa na ekseli ngumu, bomba moja kutoka tairi hadi tairi. Faida ya ekseli ngumu ni kwamba bodi ikilala, ekseli hailali nayo. Matairi yote mawili yanabaki wima juu ya ardhi. Hasara ni kwamba tairi moja likipanda jiwe, la pili nalo linainama. Lakini Afrika Mashariki ya wakati ule, chuma kisichokuwa na pa kulegea kilikuwa na thamani kuliko digrii mbili za kona. Mnaotazama Rhino Charge, ile ya tangu 1989, mtaona bado watu wanapanda mawe na ekseli ngumu mbele na nyuma. Hakuna anayeuliza kemba pale.

Sasa kinyume chake. Volkswagen Beetle ilishinda Safari 1954, 1957 na 1962, na nyuma yake ilikuwa na ekseli za kubembea. Kila tairi lina nusu ekseli yake iliyofungwa kwa jointi moja tu pale kwenye gia. Tairi likipanda au kushuka, kemba inabadilika kwa fujo. Pakia watu watano na mizigo, matairi ya nyuma yanatanuka chini, yako hasi. Nenda mtupu, yamekaa karibu wima. Balaa linakuja ukiwa kwenye kona kali ya lami halafu ukaogopa, ukaachia mafuta. Nyuma inanyanyuka, tairi la nje linajikunja chini ya gari, linakuwa chanya kabisa, na gari linapanda juu ya tairi lake lenyewe. Wengi wamelala chali kwa staili hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 VW walianza kuweka jointi mbili kila upande, ugonjwa ukapona.

Mtauliza, mbona basi ilishinda? Vumbi, kama alivyosema mdogo wangu wa Nakuru. Vumbi halikupi mshiko wa kutosha kulinyanyua gari. Beetle ilikuwa inateleza pale ambapo kwenye lami ingepinduka. Hata Mercedes zilizofuata kushinda, 1959 hadi 1961, zilikuwa za ukoo huo huo wa ekseli za kubembea.

---

Springi Kavu

Mzee shikamoo. Hii ya Beetle sikuwahi kuisikia ikielezwa hivi.

---

Mkia_Nje

Mimi ni mtu wa drifti, na sisi ndio mnaotusema sana. Nataka mtu anijibu bila kejeli. Magari ya drifti mbele yana hasi 5, hata 7, na nyuma karibu sifuri. Je, na sisi ni mapambo?

---

KonaYaMwisho

Si mapambo kabisa Mkia_Nje. Kwenye drifti kemba kali ya mbele ina sababu nzito kuliko hata F1, na sababu ni kasta.

Kasta ni namna mhimili wa usukani ulivyoegemea nyuma ukiutazama ubavuni, kama uma wa mbele wa baiskeli. Gari la drifti linawekewa kasta nyingi ili usukani ujirudishe wenyewe haraka. Lakini kasta ina tabia: ukigeuza matairi, tairi la upande unaogeukia linapata kemba chanya, na la upande wa pili linapata hasi. Kwenye kona ya kawaida hiyo ni baraka, maana tairi la nje, lenye mzigo, ndilo linaongezewa hasi.

Sasa weka gari kwenye drifti ya kulia. Gari linakwenda kulia, uzito uko kushoto, lakini wewe umegeuzia matairi kushoto ili mkia usikupite. Tairi la mbele kushoto ndilo lina mzigo wote, na ndilo liko upande unaogeuzia. Kasta inaligeuka, inalipeleka kwenye chanya, na kwa pembe za usukani za drifti linakwenda mbali. Zile digrii 5 au 6 za hasi ulizoanza nazo zinaliwa zote pale, tairi linakaa bapa katikati ya drifti. Gari likiegeshwa linaonekana kama limevunjika. Likiwa kazini limesimama sawa.

Nyuma ni habari nyingine. Nyuma unaunguza tairi kwa nguvu ya injini na unataka lisukume mbele huku linateleza, kwa hiyo lazima likae bapa. Ukiona gari lina hasi kali mbele na nyuma zaidi, hilo ni la picha.

---

Mkia_Nje

Asante mkuu. Nimepiga picha ya skrini, kuna watu wa grupu letu leo watakoma.

---

dada_Gia Tano

Samahani wakuu, kichwa cha uzi kinataja NASCAR halafu hakuna aliyeigusa.

---

KonaYaMwisho

Dada umenishika. NASCAR kwenye viwanja vya duara wanazunguka kushoto tu. Bodi inalalia kulia kila kona, siku nzima. Matairi yote mawili ya mbele, juu yake, yanaburutwa kulia. La kulia linakwenda chanya, la kushoto linakwenda hasi. Kwa hiyo wanayaanzisha kinyume: la mbele kulia wanalipa hasi ya kutosha, la mbele kushoto wanalipa chanya. Ukisimama mbele ya gari likiwa piti unaona matairi yote mawili yamelalia upande mmoja, juu zikielekea ndani ya uwanja. Kwenye kona yanasimama. Kwenye mstari gari linavuta kushoto lenyewe na dereva analizuia kwa mkono.

Si kila uwanja ni sawa. Daytona kona zake zimeinuliwa digrii 31, Talladega 33. Ukiingia mle kwa kasi, gari linakandamizwa chini zaidi ya linavyosukumwa pembeni, saspensheni inabonyea yote na kemba inabadilika kwa kubonyea, si kwa kulala. Martinsville imeinuliwa digrii 12 tu na breki ni nyingi, mafundi wanaanza upya. Wakienda Sonoma au Watkins Glen, ambako kuna kona za kulia na kushoto, ule mtindo wa upande mmoja unawekwa kando na pande zote mbili zinakuwa hasi kama gari lingine lolote. Gari la sasa, lililoanza 2022, lina saspensheni huru nyuma, kwa hiyo na nyuma nako kuna mengi ya kupanga kuliko enzi za ekseli ngumu.

Mbio za mstari ulionyooka sina maneno mengi. Hakuna kona, unataka bapa. Gari lenye saspensheni huru nyuma likiondoka linakaa chini nyuma na matairi yanakwenda hasi, kwa hiyo wengine wanalianzisha na chanya kidogo ili likishakaa liwe bapa. Wenye ekseli ngumu hawana shida hiyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwaona wengi nayo.

---

dada_Gia Tano

Asante. Mimi nina Demio, nacheza mbio za koni kwenye uwanja wa maegesho, gari ndilo hilo hilo linalonipeleka kazini. Gereji ya mashine ya alaimenti huku kwetu inatoa karatasi ambayo kila ukirudi ina namba tofauti, na gari hujaligusa. Kwa hiyo napima mwenyewe kwa timazi ya fundi mwashi.

Nitaeleza kwa faida ya wengine. Kwanza sakafu. Unachukua mpira wa maji wa wajenzi, ule unaoonyesha usawa, unaangalia sehemu nne matairi yatakapokaa. Panapopungua unaweka kipande cha mbao nyembamba. Upepo wa matairi sawa, usukani umenyooka. Unalitikisa gari chini juu kila pembe ili springi zikae. Kisha unaning'iniza timazi kwenye ukingo wa matigadi, kamba ipite mbele ya katikati ya rimu bila kugusa tairi. Unapima kwa rula kutoka kamba hadi ukingo wa juu wa rimu, kisha kutoka kamba hadi ukingo wa chini. Nafasi ya juu ikiwa kubwa kuliko ya chini, uko hasi.

Kama kati ya sehemu mbili ulizopima kuna milimita 400, kila tofauti ya milimita 7 ni digrii 1. Kwangu mbele nimefunga boliti za kemba kwenye struti. Ile boliti ina tumbo, ukiizungusha inasukuma. Kushoto ilikuwa milimita 3, sasa ni 14. Kulia nimeishia 13, inatosha. Pua ya gari ilikuwa inakwenda mbele kona ikikungoja, sasa inang'ata.

Swali langu ni nyuma. Demio nyuma ina boriti moja inayojikunja, hakuna boliti ya kugusa. Nifanyeje?

---

KonaYaMwisho

Dada, hongera, wengi wenye karatasi za mashine hawajui walichonacho.

Kwa gari la kuvutwa na matairi ya mbele, hasi 2 mbele na nyuma kuiacha ilivyotoka kiwandani ni mpango mzuri wa mbio za koni. Unataka pua ishike na mkia ukubali kuzunguka kidogo. Ukiongeza mshiko nyuma utarudi kwenye ugonjwa ule ule wa pua kukataa. Ukitaka kweli kugusa nyuma, kuna vipande vyembamba vya chuma, shimu, vinavyoingia kati ya habu na boriti. Mimi ningeacha.

Mambo mawili tu. Ukishagusa kemba kwenye struti, tou imehama. Ipime mwisho, kila mara. Tairi nyingi zinazoliwa upande wa ndani mitaani zinasingiziwa kemba wakati muuaji ni tou: tairi linaburuzwa pembeni kila mita unayotembea.

La pili, usishushe gari. Najua linapendeza. Kwenye struti, ule mkono wa chini ukiwa umeinama kuelekea tairi, saspensheni ikibonyea inakuongezea hasi kidogo. Ukishusha gari mpaka mkono ukalala bapa au ukapinda juu, ikibonyea inakuondolea. Unapata hasi ya kuonekana gari likisimama na unaipoteza kwenye kona, pale pale ulipoihitaji.

Ukipata mtu mwenye kipimajoto cha sindano, mkodi. Mara tu ukitoka uwanjani, choma tairi la mbele sehemu tatu: ndani, katikati, nje. Ndani ikizidi nje kwa nyuzi 5 hadi 10 uko pazuri. Ikizidi sana, punguza kemba. Nje ikiwa na joto kuliko ndani, bado hujafika. Katikati inakwambia habari za upepo. Vile vya kumulika kwa mwanga vinasoma ngozi ya juu tu, na ngozi inapoa kabla hujainama.

---

Boda wa Mbagala

Sisi wa pikipiki hatuna kemba?

---

Springi Kavu

Nyie ndio mna nyingi kuliko wote. Madereva wa MotoGP wanalaza pikipiki kupita digrii 60. Tairi la pikipiki ni la mviringo, likilala bado lina unyayo, na ule mvuto wa kulala ndio unaokugeuza. Tairi la gari ni bapa, halina uvumilivu huo. Ila ukiwa na abiria wawili na gunia la mkaa usijaribu.

---

Mwana-Nakuru

😂😂 Gunia la mkaa!

---

Kipanga wa Kibaha

Niulize la kwangu kabla uzi haujafungwa. Forester yangu nyuma imekaa chini, matairi ya nyuma yametanuka na yanaisha ndani. Fundi anataka kuniuzia boliti za kemba. Sina mpango wa mbio.

---

KonaYaMwisho

Usinunue kwanza. Kapime urefu kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa matigadi, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kama nyuma imelala, springi au shokapu zimechoka, na saspensheni ya nyuma ya Forester ikibonyea inakwenda hasi yenyewe. Baadhi ya Forester za zamani nyuma zina shokapu zinazojinyanyua zenyewe, na hizo zikifa gari linakaa chini hata likiwa tupu. Rudisha kimo kwanza, tembea siku mbili tatu vitu vikae, kisha pima tou ya nyuma. Boliti ukizifunga sasa utakuwa umenyoosha tairi la gari lililolala, na siku utakapobadilisha springi litasimama chanya. Fundi akikataa kupima kimo, mwambie akuonyeshe alichopima hadi akafika kwenye boliti.